Tumbo Moja, Picha Tatu

Bwenini, 4 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Sitaanza na "mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako", maana mara ya mwisho uliniambia naandika kama karani wa posta.

Nakurudishia kadi ya kamera. Nimeizungushia pamba isivunjike njiani. Kamera yenyewe nimemwachia mama, iko kabatini nyuma ya vitambaa vya wateja. Ulisema unataka picha za nyumbani, dada yako na Kitinda wakiwa hawajajipanga. Nilipiga thelathini na mbili wakati wa mapumziko mafupi. Nyingi mbovu. Karibu zote Kitinda analia, na katika nne kuna kidole changu.

Ila ipo moja ambayo mama haijui. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, dirisha upande wake wa kushoto. Alikuwa amepandisha gauni mpaka kifuani ili kidonda cha operesheni kipate hewa, kama daktari alivyomwagiza. Kitinda kalala mapajani, mguu mmoja kaukanyagisha kwenye tumbo la mama kama mtu anayepanda ngazi. Uso wa mama hauonekani. Tumbo limelegea tu, lina mistari kama mchanga uliopitiwa na maji, na kovu jipya chini yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijui nisemeje. Niliona kitu kizuri, nikabonyeza. Cherehani ya jirani ilikuwa inalia, hakusikia.

Nilitaka kuifuta, halafu nikaona nikuulize wewe kwanza, kwa kuwa wewe ndiye fundi wa picha. Ukiona haifai, ifute. Usimwonyeshe mtu.

Mwanao,
Kimya


Ofisini, 19 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Kadi imefika salama na pamba yake, nikadhani umenitumia jino.

Hiyo picha ya dirishani sijaifuta na siifuti ng'o. Nimekaa nayo mchana kutwa. Bosi kapita nyuma ya kiti changu, kasimama, kauliza, "Nani kapiga hii?" Nikamwambia, mtoto wa dada yangu, yule asiyesema. Kasema, "Huyo hana haja ya kusema." Haya, jisifu basi, hata mara moja.

Dada simwambii, na wewe usimwambie. Unamjua. Atalia wiki nzima, "mwili wangu, mwili wangu," tutaomba radhi mpaka meno yamtoke Kitinda. Niachie mimi. Kuna kitu nataka kuifanyia, kikiwa tayari utakiona.

Kula. Shuleni mnakonda kama sindano.

Mama yako mdogo


21 Aprili
(Hii iko kurasa za nyuma za daftari la jiografia. Sikuituma.)

Mama mdogo,

Leo ilikuwa siku ya kutembelewa. Mama alikuja na Kitinda, tukakaa kwenye benchi karibu na bomba. Alipomaliza kuniuliza kama nakula na kama nalala, akatoa mkobani kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Cha mkanda wa kubana tumbo, wa wanawake waliojifungua. Alikipata kliniki, na bango lake kubwa limebandikwa kwenye chumba cha mizani.

Picha mbili. Kushoto "Kabla", tumbo linaning'inia kama mfuko wa maji uliotoboka. Kulia "Baada", tumbo kama ubao wa kukatia vitunguu.

"Mwangalie mwenzangu," mama akasema. "Na mtoto wake ni wa umri wa Kitinda kabisa. Sasa huyu ana nini ambacho mimi sina?"

Akanipa nimsomee, kwa kuwa maelezo yote yako kwa ile lugha ya shuleni na mimi ndiye wa lugha mbili. Nikaanza kumfasiria. Rudi ulivyokuwa. Siku ishirini na moja. Mume wako atashangaa. Halafu nikauona mguu wa mtoto.

Kidole cha pili na cha tatu vimeshikana.

Mama anauosha mguu ule kila siku ya Mungu, lakini hakuutambua, kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwenye tumbo. Anamwonea wivu mwanamke ambaye ni yeye mwenyewe. Nilikunja karatasi nikasema yaliyobaki si ya maana. Mimi ni wa kunyamaza.

Nakuchukia. Sijawahi kumwandikia mtu neno hili. Nimeliandika polepole nione herufi zake zinavyokaa.


Bwenini, 22 Aprili

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kazi inaendelea vizuri.

Jana nimeona kipeperushi cha mkanda wa wazazi. Nilidhani nimeutambua mkono wako, au nimekosea? Kama ni wako, hongera sana. Mwalimu wetu wa sanaa ametupa kazi ya kueleza jinsi picha ya tangazo inavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Mimi sina wa kumuuliza ila wewe. Ningefurahi ukinieleza kwa mkono wako na kila kitu, hata mambo madogo ambayo unaona hayana maana. Na kama inawezekana, nakala za picha zenyewe, ya mwanzo na za mwisho.

Mama hajambo. Sijamwambia lolote.

Mwanao,
Kimya


Ofisini, 3 Mei

Kimya wangu,

Wewe una macho, wallahi. Dada mwenyewe hajaijua, wewe umeijua! Na asiijue, ndivyo ilivyotakiwa.

Haya, shika kalamu. Wateja walituletea mwanamitindo wao, binti mbichi, hajazaa hata paka. Kwa ajili ya "Kabla" wakamfunga mto tumboni. Ukimtazama unaona mto. Bosi kashika kichwa, tarehe imefika. Ndipo nikakumbuka picha yako.

"Kabla": nilishusha tumbo kidogo, nikatia kivuli chini ya kitovu, nikaikoleza ile mistari, ngozi nikaichosha ionekane haijalala mwezi. "Baada": ni picha hiyo hiyo. Nikakata kiuno pande zote mbili, nikafuta kovu, nikafuta mistari, kitovu nikakipandisha juu kidogo (kitovu ndicho kinachotoa siri ya umri, hilo mwalimu wako halijui), kisha nikachora mkanda juu yake. Wenyewe hakuna aliyeuvaa. Tumbo moja, asubuhi likawa la kuonewa huruma, alasiri likawa la kuonewa wivu. Kazi ya siku moja.

Mtoto sikumgusa. Kwetu mafundi wa kusafisha picha huo ni mwiko. Unaweza kumsafisha mama mpaka asijijue, lakini mtoto mchanga haguswi, hata upele wake haufutwi. Wanasema ni nuksi. Nadhani ni vile vidole vilivyokujulisha. Wengine hawaangalii miguu.

Nakuwekea nakala tatu, yako na hizo mbili. Mwambie mwalimu akupe alama zote.

Dada usimwambie. Si kwamba nimefanya kosa. Uso haupo, nani atajua? Matumbo ya wazazi yote ni mamoja.

Mama yako mdogo


Nyumbani, 17 Mei

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Usiniandikie tena kwamba hujisikii vizuri halafu ukaishia hapo, unaniua kwa mawazo. Unaumwa wapi?

Mimi niliununua ule mkanda, siku ya pili tu nilipotoka kwako. Nilijiambia siku ishirini na moja si nyingi. Leo ni ya ishirini na tano. Nimekaza mpaka tundu la mwisho. Kukaa kwenye cherehani nao ni shida, nikiinama kukata uzi napumua kwa vipande, lakini wateja wawili wamesema nimepungua. Chakula cha jioni nimekiacha. Sijui kama ni hicho au ni nini, maziwa yamepungua, na mizani ya Kitinda wiki mbili hizi haijapanda.

Lile kovu limeanza kutoa maji kwa pembeni. Linawasha na harufu yake siipendi. Muuguzi sijamwonyesha. Naona haya, mwanangu. Ninavua nguo mbele ya lile bango, yule mwenzangu ananitazama na tumbo lake. Nitasemaje, mimi umenishinda mkanda?

Soma kwa bidii.

Mama yako


Nyumbani kwangu, si ofisini, 6 Juni

Wewe mtoto,

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilikuwa nausikia tu huo msemo, sasa nimeuona.

Nieleze vizuri maana mimi sina akili kama zako. Barua yangu mimi, kwa mkono wangu, niliyokuandikia wewe kwa ajili ya mwalimu wa sanaa, imefikaje kwenye ukuta wa kliniki? Na picha zote tatu zimebandikwa juu yake kwa mpangilio, yako katikati? Mwakilishi wa kampuni ya mikanda alikwenda pale kuongeza vipeperushi, akakuta akina mama wamejazana wanasoma. Alisimama nyuma yao akasoma mpaka mwisho, akainakili yote. Kesho yake bosi alinisomea mimi, mbele ya ofisi nzima, kwa sauti. "Hajazaa hata paka." Watu walicheka mpaka aliposita. Halafu akaniambia nikusanye vitu vyangu. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kiti kile. Niliondoka na kikombe na mto wa mgongo.

Mimi ndiye niliyekununulia sare ya kwanza. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kamera. Ulikuwa na jambo si ungeniambia? Ulikosa nini, mdomo?

Mwalimu wa sanaa yupo kweli?

(Sijui nitie saini gani.)


Bwenini, 14 Juni

Mama mdogo,

Mwalimu wa sanaa yupo, lakini mwaka huu anatufundisha kufinyanga.

Ndiyo, ni mimi. Niliituma kwa muuguzi wa chumba cha mizani, pamoja na picha. Nilimwandikia, "Tafadhali bandika hizi chini ya lile bango." Nilitaka ujue inavyokuwa kitu chako cha ndani kinapotundikwa mahali pa watu. Wewe ulisema uso haupo, nani atajua. Nami nilisema jina lako halipo, nani atajua. Mkuki kwa nguruwe. Barua yako ilipofika niliisoma mara tisa, na kila nilipofika "matumbo ya wazazi yote ni mamoja" nilisikia raha, kwa sababu nilijua nimekupata. Nakueleza hivi ili usidhani nilikosea bahasha.

Na uliposema walicheka mpaka bosi akasita, nilirudia sentensi hiyo. Nilitaka kujua kama ulilia. Hukuandika.

Sasa hili ni jingine, na sina pa kuliweka.

Kile kipeperushi nilibaki nacho siku ile. Mchana ule ule, mama alipoondoka, nilikifungua tena, na mwisho kabisa, kwa herufi kama chawa, pameandikwa kwamba aliyejifungua kwa operesheni asivae mpaka daktari amruhusu. Mama hawezi kuisoma lugha ile. Ndiyo maana alinipa mimi. Nilisema yaliyobaki si ya maana. Nilikuwa na siku ile, na kesho yake, na wiki tatu zilizofuata. Ningeweza kumwandikia mstari mmoja. Lakini angeniuliza, umejuaje, mbona hukusema, na mwisho ningefika kwenye picha, na kwamba niliipiga mimi. Kwa hiyo nilikuandikia wewe kwanza, barua tamu, nikakaa kukusubiri ujiingize mtegoni. Wewe ulikuwa unaandika kuhusu kitovu na yeye alikuwa anakaza tundu la mwisho.

Barua yake kuhusu kovu iliponifikia ndipo nilipomfasiria muuguzi ule mstari, nikautia kwenye bahasha ile ile na picha. Unaona? Hata hapo sikuweza kutuma moja bila nyingine.

Jana nimemwandikia mama. Kila kitu, kurasa tano. Lako na langu.

Kisasi changu kwako sikijutii. Nimekwambia ukweli.

Kimya


Nyumbani, 21 Juni

Mwanangu,

Kurasa tano nimezipata. Sikujua una maneno mengi hivyo.

Hukuniuliza ilikuwaje, kwa hiyo nakwambia. Jumanne ile nilimpeleka Kitinda kwenye mizani. Nikakuta akina mama ukutani, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanacheka. Nikacheka nao. Mimi napima viuno vya watu mwaka wa kumi na nane sasa, kile kiuno cha "Baada" fundi yeyote mwenye futi angejua hakiwezi kubeba mabega yale. Nilijua, ila sikutaka kujua. Basi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Mpaka yule msomaji akafika, "Dada usimwambie." Nikatazama mwandiko. Nikatazama mguu kwenye picha. Nikatazama mguu niliokuwa nimeushika mkononi.

Mwanamke mmoja akaonyesha ile ya katikati, akasema, "Huyu ndiye mzazi. Hao wengine ni sanamu." Wote wakakubali. Sikusema ni mimi. Nilisimama pale nimevaa nguo zangu zote, na nilikuwa uchi mara tatu.

Muuguzi aliniita pembeni, alikuwa ameshausoma ule mstari wako. Aliukata mkanda kwa mkasi maana kifungo kilikuwa kimegoma. Kovu limefunguka upana wa vidole viwili. Usinitumie pole.

Unasema umenilipizia kisasi. Nani alikutuma? Mdogo wangu alinitundika mara mbili, na wewe umenitundika mara ya tatu, tena katikati. Yeye alisema nani atajua. Wewe hukusema hata hicho. Hakuna kati yenu aliyenijia akasema, dada, mama, tumbo ni lako, unasemaje? Mficha uchi hazai, nimeuonyesha uchi wangu kwa madaktari, wakunga na wanafunzi wao sita, lakini wale waliniomba ruhusa.

Kisasi ni changu, na nakichukua mwenyewe. Sikilizeni wote wawili, nakala ya hii nimempelekea mama yako mdogo.

Kidonda kinaoshwa mara mbili kwa siku, kinapakwa dawa, kinafungwa upya, wiki sita. Muuguzi amejitolea kuja, nimemkatalia. Likizo unakuja hapa. Asubuhi ni yako. Yeye hana ofisi tena, jioni ni yake. Mtaosha kwa mikono yenu. Hakuna kufumba macho, hakuna kugeuza uso, na mkitaka kulia mtalia mkimaliza kufunga bandeji. Kwa kuwa mlilipenda sana hili tumbo, mtalijua.

Picha zote tatu nimezibandua. Mbili nimechoma. Ya tatu ninayo, na usiniulize nitaifanyia nini.

Mama yako


Nyumbani, 9 Julai

Mama mdogo,

Nimefika Ijumaa. Leo ni asubuhi ya nne. Jioni naosha mimi pia kwa sababu wewe hujaja.

Mama ameniambia nikuandikie jinsi kilivyo, ili usije ukajifanya hukujua. Kiko upande wa kulia wa kovu. Rangi ya ndani ni kama ya ulimi. Kingo zake ni nyeupe, na muuguzi anasema huko ndiko kupona. Unaanza katikati unakwenda nje, pamba moja mara moja, usirudie. Ile mistari ukiipitia kwa kidole haina mikwaruzo kama inavyoonekana, ni laini kuliko ngozi nyingine yote. Ulipoikoleza hukujua hilo. Nami sikujua nilipoipiga. Tumbo linatetemeka kidogo maji yakiligusa, na mama anatazama dari.

Siku ya kwanza niligusa pasipofaa. Hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono akausogeza mkono wangu, akasema, "Si hapo. Hapa." Ndilo neno pekee aliloniambia siku hiyo. Jana ameniuliza kama nimekula, kwa hiyo naona tunasogea. Kitinda mizani yake imepanda.

Sijakusamehe. Mama naye hajanisamehe mimi, ameniambia wazi, wakati namfunga bandeji. Lakini jana nilipokuwa nachemsha maji niligundua nimebandika sufuria kubwa, ya watu wawili.

Umemwandikia kwamba huwezi kuja, kwamba vidonda hukutia kizunguzungu. Alinisomea mstari huo mara mbili. Barua hii ameisoma kabla sijaifunga, nilimwomba mwenyewe. Hakufuta kitu. Ameniomba kalamu, anataka kuongeza chake hapa chini.

Kimya

Njoo na kizunguzungu chako. Kiti nimeshakiweka kando ya kitanda.
Dada yako